Maabara na Daftari Mpakani

Mwanafunzi wa Busia au Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, aliyemaliza kidato cha nne na Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha akaomba kusomea shahada ya biashara, husemwa kwamba amepotea njia. Miaka minne ya maabara, halafu anageukia daftari la mauzo! Historia ya miji hii miwili haiungi mkono lawama hiyo. Ukuta kati ya sayansi na biashara ulijengwa na ratiba za shule. Mpakani mizani na daftari vimekaa meza moja siku zote. Lipo jambo analolikosa mwanafunzi huyo, ila silo hilo wanalomlaumia.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo Waingereza wakalihamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Hata hivyo, kwa miaka mingi ng'ambo na huku walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ilipotoa shilingi yake, ikazuka kazi ambayo haikuwapo: kubadilisha fedha. Tena si kazi ya kubahatisha. Mwaka 1987 Uganda ilifuta sufuri mbili kwenye fedha zake na papo hapo ikakata asilimia 30, hivi kwamba aliyekuwa na shilingi 10,000 za zamani aliondoka na 70 mpya. Mwenye kibanda cha kubadilishia fedha aliyeshindwa kupiga hesabu hiyo kwa haraka alifilisika kabla ya jioni.

Atatokea wa kuuliza: matajiri wa magendo walisomea wapi? Swali la haki. Baridi kali ya 1975 iliharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda ya Idi Amin akawa analipwa kidogo mno na bodi ya serikali. Kahawa ikavuka usiku kuingia Kenya, na soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba, likapata umaarufu wakati huo. Waliotajirika hawakuhitaji shahada, kwani faida yote ilikuwa katika pengo la bei kati ya pande mbili za mpaka. Lakini pengo si biashara, ni msimu. Bei iliposhuka na Amin alipong'olewa 1979, msimu ukaisha. Anayetaka ushahidi mzito zaidi atazame 1972, Amin alipowafukuza wafanyabiashara wa Kiasia. Waliogawiwa maduka yao walirithi rafu, milango na mizani. Hawakurithi mtandao wa mikopo, yaani nani anadaiwa, nani huaminika kwa siku 30, nani apewe mzigo kabla ya malipo. Bidhaa zikaadimika, na mnunuzi wa Uganda akazidi kutazama mashariki. Hapo kwenye mikopo ndipo penye upungufu wa mwanasayansi wetu: hesabu anazo, hajafundishwa deni.

Shule nazo hazikuanza na ukuta huu kati ya sayansi na biashara. Royal Technical College ya Nairobi, mzazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipofunguliwa 1956 iliweka uhandisi na masomo ya biashara chini ya paa moja. Kilichokaza mgawanyo ni kidato cha tano na sita, ambapo mwanafunzi alichagua masomo machache tu na kuyaacha mengine kabisa. Kenya iliuacha mfumo huo. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa 1989, mwaka uleule ambao watahiniwa wa kwanza wa mfumo mpya wa 8-4-4 walifanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Uganda inao hadi leo, na tangu 2005 imefanya sayansi kuwa lazima katika sekondari ya chini na kuelekeza ufadhili mwingi wa vyuo huko. Kwa hiyo mtoto wa Busia anayevuka kwenda shule ng'ambo hukutana na ukuta mrefu kuliko wa nyumbani. Kwetu Kenya, anayeomba shahada ya biashara hupimwa kwanza kwa hisabati na lugha. Somo la Biashara si sharti.

Biashara ya leo ya mpakani, nayo, imesogea karibu na maabara. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki wa 2005 ulileta viwango vitatu vya ushuru kwa bidhaa za nje, asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha 35. Ili kujua mzigo unaangukia wapi, wakala wa forodha huuliza umetengenezwa kwa malighafi gani na umesindikwa kiasi gani, na hilo ni swali la Kemia kabla ya kuwa swali la kodi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mfanyabiashara asiyeielewa namba hiyo alibaki kumtegemea anayeielewa, na kumlipa.

Basi maandalizi ya kijana huyu yaanzie kwenye upande usio na jibu moja: uwekaji hesabu wa pande mbili, sheria ya mikataba, mtiririko wa fedha. Masomo ya awali ya uhasibu, yale yanayotahiniwa na bodi ya KASNEB, yanaweza kumfaa katika miezi ya kusubiri chuo. Chukua shehena ya mahindi. Sokoni yanapimwa kwa gorogoro, ambayo ni ujazo. Ghalani yanalipiwa kwa kilo. Na kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwanafunzi wa Fizikia ataeleza mara moja kwa nini gunia lililokauka njiani limepungua uzito. Hasara ya kilo hizo ni ya muuzaji, ya mwenye lori au ya mnunuzi? Hilo alipaswa kuliandika kwenye mkataba kabla lori halijawashwa.