Kengele ya Hatari Mwilini

Msomaji kijana, ukifika Naitiri mwezi wa Machi, katika nchi ile ya mahindi iliyo upande wa Kitale na Bungoma, utaona watu wakitazama mbingu mara kwa mara. Mashamba yamekwisha kulimwa, mbegu na mbolea zimenunuliwa, pengine kwa mkopo, na kilichobaki ni mvua. Ikichelewa juma moja, wazee hutania. Ikichelewa majuma matatu, utani huisha. Mwenye shamba hulala macho, chakula humshinda, hukemea watoto kwa kosa dogo, na asubuhi huamka amechoka kama mtu aliyebeba mzigo usiku kucha. Hakufukuzwa na mnyama wala hakupigana na mtu. Ni kitu gani kilichomchosha?

Swali hili lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ilitendeka hapa Kenya.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mwaka 1855 daktari Mwingereza, Thomas Addison, alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi hizo zimeharibika: nguvu huwatoka, hukonda, na zama zile mwisho wao ulikuwa kifo. Ikajulikana kuwa kiungo hicho kidogo kimeshika uhai. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kuwa ametoa katika tezi hizo kitu safi, kikaitwa adrenalini.

Kazi yake mwilini ilielezwa vizuri na Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard. Huyu alizoea kuchungulia kwa eksirei tumbo la paka aliyekwisha kula. Aliona kuwa paka akiingiwa na fadhaa, tumbo lililokuwa likisaga chakula husimama ghafula. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alionyesha maana ya jambo hilo. Kiumbe akiona hatari, moyo hupiga mbio, ini hutoa sukari, damu hukimbilia misuli, na kazi zinazoweza kungoja huahirishwa. Mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Utaratibu huu ni mwema, na mchungaji aliyeruka kando ya nyoka kabla hajatambua kuwa amemwona hana sababu ya kuulaumu.

Upande wa pili wa jambo ulionekana mwaka 1936. Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, aliandika barua fupi katika jarida la Nature juu ya panya wake. Aliwatia baridini, akawajeruhi, akawachosha kwa kazi, na kila mara aliona alama zile zile: tezi za juu ya figo zimekua kupita kiasi, na tumbo lina vidonda. Panya hao hawakuulizwa shauri, nasi tunafaidi mateso yao. Walitufundisha kuwa mwili una kengele moja kwa hatari nyingi, na kwamba kengele ikilia siku nyingi humdhuru mwenyewe.

Tezi hizo hutoa pia kotisoli, ambayo haina haraka kama adrenalini. Usiidhani kuwa sumu. Kila siku hupanda asubuhi ili tuamke na nguvu, nayo hushuka usiku ili tulale. Madhara huja isiposhuka kwa wakati wake. Simba huja akaenda zake, deni haliendi. Ndipo usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, kinga ya maradhi hupungua na kumbukumbu hudhoofu. Mwanafunzi akeshaye juma zima kwa hofu ya mtihani hujinyang'anya kumbukumbu ile ile anayoitafuta.

Sasa turudi kwenye mvua. Katika taarifa ya mwaka 2013 wataalamu walieleza jinsi walivyopima kotisoli katika mate ya wakulima maskini wa Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, na ya mafundi wa chuma wa jua kali mjini Nairobi. Mvua ilipokosekana, kotisoli ilipanda baada ya siku 10 hadi 20. Ilipanda kwa wakulima zaidi kuliko kwa mafundi, na zaidi kwa wale ambao shamba ndilo tegemeo lao pekee. Mkulima wa Naitiri hakuwamo katika hesabu hiyo, lakini nadhani angejitambua humo. Watu hupenda kumwambia mwenye wasiwasi atulie na avute pumzi. Ni kweli kuwa pumzi itolewayo polepole hupunguza mwendo wa moyo, na ni jambo jema kulijua. Ila pumzi haijazi ghala. Mfereji wa maji, ng'ombe wa maziwa au akiba ya nafaka navyo vimo katika dawa za moyo.

Tena si mbingu peke yake inayotia hofu. Viumbe hutiana hofu wao kwa wao. Mwaka 1978 kijana Mmarekani, Robert Sapolsky, alifika nyika za Maasai Mara kuchunguza nyani, akarudi mwaka baada ya mwaka. Alimpuliza nyani kwa mwanzi mshale mdogo wenye dawa ya usingizi, kisha akampima damu upesi, kabla mshale wenyewe haujaharibu kipimo. Alikuta kuwa madume wanyonge, wanaoonewa kila siku, damu yao imejaa kotisoli hata wakati wa kupumzika.

Kundi moja alilolijua lilipatwa na msiba katikati ya miaka ya 1980. Madume wake wakali walikuwa wakienda kunyang'anyana mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Huko walipata kifua kikuu kwa nyama mbovu, wakafa. Walibaki majike, watoto, na madume wapole. Kundi likatulia. Ajabu ilikuja baadaye, kwa maana dume wa nyani huhama kundi la kuzaliwa akakua katika jingine. Kufikia mwaka 1993 hapakuwa na dume hata mmoja wa zamani. Wote walikuwa wageni waliotoka katika makundi yenye ukali wa kawaida. Lakini wageni hao walipokelewa mapema na majike, wakatolewa kupe manyoyani, nao wakashika desturi ya wenyeji. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walitangaza habari hii mwaka 2004. Katika kundi hilo hata dume wa chini kabisa hakuonyesha alama za fadhaa walizo nazo wanyonge wa makundi mengine.