Bangi na Dawa za Unene: Historia ya Neno na ya Kitu

Neno bangi ni moja katika maneno ya kale yaliyofika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Asili yake ni bhanga la Kisanskriti, nalo lilipita katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi kabla ya kutua katika Kiswahili. Mtawa Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala na pande za Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, alilitaja kwa umbo la bangue katika kitabu chake kilichopigwa chapa Évora mwaka 1609. Kiswahili hakikulipokea neno hili hivi hivi, bali kililipa mahali katika ngeli zake: mbangi ni mmea, bangi ni zao lake, kama vile mkarafuu na karafuu. Lugha, basi, ilikwisha kujua kutenga mti na zao lake. Ambacho haikuwa na haja ya kukitenga, hata zama za karibuni, ni zao lenyewe na vitu vilivyomo ndani yake. Haja hiyo leo si ya wanalugha peke yao, maana inagusa afya ya watu wa Kinondoni na Temeke.

Yafaa kwanza kutazama maradhi yenyewe. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania; wenye kisukari walikuwa chini ya 1 katika kila watu 100. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo yaliyolinganisha Ilala, katikati ya Dar es Salaam, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Ilala wanaume wenye kisukari walikuwa 5.9 kwa 100 na wanawake 5.7; Shari walikuwa 1.7 na 1.1. Kisha mwaka 2011 Shayo na Mugusi walieleza hali ya Kinondoni, ambayo siku hizo ilikuwa ingali pamoja na Ubungo. Katika watu wazima 1,249 waliopimwa, 240 walikuwa na unene wa kupindukia, yaani 19.2 kwa 100. Kwa wanawake hesabu ilikuwa 24.7 kwa 100, na kwa wanaume 9. Mambo yaliyoonekana kuandamana na unene huo, kama vile umri, hali nzuri ya maisha na upungufu wa kazi za nguvu, si ya Kinondoni tu. Mtu wa Mbagala au Tandika, huko Temeke, aliyeacha jembe akashika biashara ya kukaa, yumo katika njia iyo hiyo. Mafuta yanayojikusanya tumboni na katika ini huufanya mwili usiitii insulini. Sukari hubaki katika damu, na mara nyingi shinikizo la damu hupanda pamoja nayo.

Hata hivyo lugha ya mitaa hiyo haikuutazama unene kama ugonjwa. Kunenepa kulikuwa karibu na kunawiri, na kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Tena, baada ya wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kujulikana mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kulipata maana ya kutisha. Aliyepungua mwili alitazamwa kwa shaka, na aliyenenepa alipongezwa. Katika hali hiyo, habari ya dawa ya kupunguza mwili haina budi kupokelewa kwa maneno ambayo tangu hapo yalikuwa na uzito wa namna nyingine.

Habari ya dawa hiyo ilianzia mbali. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Weizmann mjini Rehovot, Israel, Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam walikitenga na kukieleza kitu kinacholevya ndani ya bangi, kiitwacho kwa kifupi THC. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, huko Marekani, walionyesha kwamba katika ubongo mna vipokezi ambavyo vitu vya namna hiyo, yaani kanabinoidi, hushikamana navyo kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1992 ikagunduliwa kwamba mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake. Wagunduzi waliuita anandamaidi, kutoka katika ananda la Kisanskriti, maana yake furaha kuu. Hivyo lugha iliyoupa mmea jina lake ndiyo iliyotoa tena jina la kitu kilichomo katika mwili wa kila mwanadamu, awe amevuta bangi au hajapata kuiona.

Kazi moja ya vipokezi hivyo ni kuamsha hamu ya kula na kuuhimiza mwili uweke akiba ya mafuta. Ndiyo sababu THC huleta njaa. Marekani iliruhusu THC iliyotengenezwa maabarani, dronabinoli, itumiwe mwaka 1985 kuzuia kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, na mwaka 1992 kuwarudishia hamu ya chakula wagonjwa wa ukimwi waliokonda. Dawa hiyo, basi, ililetwa kwa ajili ya waliokonda, si kwa ajili ya wanene.

Kwa wanene wataalamu walifuata njia ya kinyume: kukifunga kipokezi ili ufunguo usiingie. Dawa ya namna hiyo, rimonabanti, haikutoka katika mbangi hata kidogo. Ilitengenezwa maabarani Ufaransa. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2005 kwa watu 1,507, waliomeza miligramu 20 kila siku kwa mwaka mmoja walipungua kilo 6.6, na waliopewa kidonge kitupu kilo 1.8. Ulaya iliikubali mwaka 2006. Lakini aliyeifunga njaa alikuwa ameifunga na furaha: baadhi ya wagonjwa walishikwa na huzuni kubwa, hata fikira za kujiua. Washauri wa serikali ya Marekani waliikataa mwaka 2007. Oktoba 2008 Ulaya ikasimamisha matumizi yake, na Januari 2009 ruhusa ikaondolewa kabisa.

Tangu hapo zimetafutwa dawa zinazofunga vipokezi vya mwili bila ya kugusa sana ubongo. Monlunabanti, iliyojaribiwa kwa watu 243, iliwapunguza waliopewa miligramu 10 kilo 7.1 kwa majuma 16, na waliopewa kidonge kitupu kilo 0.7. Lakini matokeo hayo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba wasiwasi na kukosa usingizi havijakoma. Kitu kingine, THCV, ambacho kweli kimo katika mbangi, kilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 62 wa kisukari. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kushuka kwa sukari ya damu ya mtu aliyefunga kula. Ni mwanzo mwema, lakini ni watu 62 tu.

Sasa yaonekana hatari iliyomo katika lugha. Kiswahili husema dawa ya malaria, yaani iondoayo malaria. Husema pia dawa ya mwarobaini, yaani itokanayo na mwarobaini. Kiunganishi ni kile kile, maana ni mbili. Dawa ya bangi, basi, yaweza kuwa itokanayo na bangi, au izuiayo nguvu za bangi. Rimonabanti ilikuwa ya maana ya pili. Mgonjwa wa kisukari aliyesikia kwamba dawa ya bangi hupunguza mwili, akaishika maana ya kwanza, atavuta kitu kinacholeta njaa, ataacha pengine vidonge alivyopewa hospitalini, na atavunja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Kosa kama hilo halitokani na ujinga wa msikilizaji. Latokana na upungufu wa istilahi. Waliotenga mbangi na bangi walitumia herufi moja tu, wakapata maana mbili zilizo wazi. Kanabinoidi, kipokezi na kizuia-kipokezi si maneno ya maabara peke yake. Yanahitajika mezani pa daktari wa Mwananyamala na wa Temeke, anapomweleza mgonjwa ni ipi dawa iliyo ufunguo, na ni ipi iliyo kufuli.