Papa Upanga Si Papa

Mkulima wa Ruponda, wilayani Nachingwea, akitaja panya shamba haulizwi ni yupi. Ni yule anayefukua mbegu za mahindi usiku kabla hazijaota. Wanasayansi humwita Mastomys natalensis, na ukoo wake una istilahi iliyotulia: wagugunaji. Kitenzi guguna kinataja kazi ya meno yake ya mbele, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote. Ukilisikia jina, umekwisha kumjua mnyama.

Baharini kuna jina lisilotupa msaada huo. Papa upanga ana mwili mrefu kama wa papa na pua bapa yenye meno pande zote mbili. Mgeuze umtazame tumboni: matundu ya mashavu yako chini, si ubavuni kama ya papa. Huyo ni wa jamii ya taa. Jina limefuata umbo, likaacha ukoo.

Kosa hilo lina gharama. Msomaji anayeambiwa kuwa taa wamo hatarini hatamfikiria huyu, ilhali ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Panya shamba hubeba mimba siku kama 23, huweza kuzaa watoto kumi au zaidi, na baada ya miezi michache wanawe nao wanazaa. Papa upanga wa spishi Pristis pristis huweza kuzaa watoto idadi hiyohiyo, lakini hungoja miaka kama minane ndipo apevuke. Upanga wake nao hunasa kwa urahisi kwenye nyavu. Kwa hiyo panya tunayemuua kila msimu hurudi, na taa huyu hukawia kurudi. Tangu 2013 spishi zote za jamii yake zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya viumbe wanaokaribia kutoweka.

Jina lenyewe lisifutwe. Wavuvi waliona upanga wakautaja, na wana haki. Ninachowaomba watunga kamusi ni kwamba fasili ianze na ukoo: "taa mkubwa mwenye umbo la papa na pua ndefu yenye meno." Mwanafunzi wa Ruponda yuko mbali na pwani, samaki wa baharini humfikia akiwa ng'onda, amekwisha kukatwa vipande. Hana pa kuyatazama mashavu. Anaitegemea kamusi, na kamusi imwambie kweli.