Mapambo ya wanawake wa Marangu

Mapambo ya wanawake wa Marangu ni vitu vya chuma, shaba, shanga, ngozi, dhahabu na vito ambavyo wanawake Wachagga wa Marangu na maeneo jirani ya Vunjo wamevivaa kwa nyakati mbalimbali tangu karne ya 19. Marangu iko kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, katika Wilaya ya Moshi Vijijini, Mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania.

Zamani mapambo hayo hayakuwa urembo tu. Yalionyesha hatua ambayo mwanamke ameifikia katika maisha: binti, mwali, mke, mama. Pambo lenye heshima kubwa kuliko yote halikuvaliwa siku ya arusi. Lilivaliwa siku mama alipotoka nje na mtoto wake kwa mara ya kwanza baada ya kujifungua.

Chuma na wahunzi

Wachagga hawakuyeyusha chuma wenyewe kwa kiasi kikubwa. Chuma ghafi kilitoka hasa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo. Kilipofika Kilimanjaro kilifuliwa na wahunzi wa huko, na waliosifika zaidi upande wa Vunjo walikuwa wa Mamba, jirani ya Marangu kwa upande wa mashariki. Walitumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi, makaa, na nyundo za mawe au chuma.

Wahunzi hao hutajwa sana kwa mikuki, lakini walitengeneza pia vitu vya kujipamba, kama vile bangili, vikuku, njuga, na mikufu ya vijipete vidogo sana vya chuma vilivyounganishwa kimoja kimoja. Mkufu wa namna hiyo ulikuwa kazi ya uvumilivu, kwani waya ulipaswa kwanza kufanywa mwembamba, kisha kukatwa, kukunjwa na kufungwa. Wanawake walivaa mikufu hiyo shingoni au waliining'iniza kutoka masikioni. Masikio yenyewe yalitobolewa na kutanuliwa, desturi ambayo Wachagga walishirikiana na Wamasai.

Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Iliaminika kwamba laana iliyotamkwa kwa nyundo yake ilikuwa kali, na kwa hiyo watu hawakupenda kugombana naye. Aliyemfulia mama bangili ndiye huyohuyo aliyemfulia askari mkuki.

Kulikuwa pia na pambo lisilokuwa na thamani yoyote sokoni. Baada ya tambiko la mbuzi, kipande chembamba cha ngozi ya mnyama huyo kilivalishwa kidoleni kama pete. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Kilema, magharibi mwa Marangu, mwaka 1848, aliikuta desturi hiyo ikitumika kufunga urafiki na mgeni.

Shanga na waya kutoka pwani

Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na ya Wakamba ilileta Kilimanjaro bidhaa kutoka pwani: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za kioo, na waya nene za shaba na chuma zilizoitwa masango. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, Italia, zikapitia Zanzibar kabla ya kupanda bara. Wafanyabiashara walilazimika kujua mapema rangi na ukubwa uliopendwa kila mahali, kwa sababu shanga iliyokataliwa na wanawake wa nchi fulani haikununua hata chakula cha wapagazi.

Waya za pwani zilipunguza utegemezi kwa chuma cha Upare. Wahunzi walizifua upya, na wanawake walizizungusha mkononi na mguuni katika mizunguko mingi iliyobana.

Biashara hiyo ilikuwa na upande mwingine. Shanga na masango vililipiwa kwa pembe za ndovu, vyakula na pia kwa watu. Wamangi wa Kilimanjaro walipigana mara kwa mara, na mateka wa vita hivyo, wengi wao wanawake na watoto, waliuzwa kwa misafara ya pwani. Njia ileile iliyoleta shanga za kumpamba mama mmoja iliweza kumpeleka mwingine utumwani. Maelezo ya makumbusho kuhusu urembo wa zamani aghalabu hayataji jambo hili.

Taji la mzazi

Mwanamke wa Kichagga aliyejifungua alikaa ndani kwa takriban miezi mitatu. Hakulima, hakukata majani ya ng'ombe wala hakwenda sokoni. Alilishwa vyakula vya kumrudishia nguvu, kama mtori wa ndizi na nyama, na mlaso, yaani mchanganyiko wa damu ya mnyama na maziwa au mafuta. Mume alitarajiwa kuchinja. Desturi ya kumlisha mzazi kwa namna hii ingali hai katika familia nyingi za Wachagga, hata mijini, ingawa mlaso umepungua.

Kipindi hicho kilipokwisha, mama alinyolewa nywele. Alivikwa taji la shanga kichwani na vazi la ngozi lililotariziwa shanga, vazi la kale ambalo halikuwa la kila siku. Mkononi alipewa fimbo kama ile ya wazee. Kisha alitoka na mtoto, akatembea polepole kuelekea sokoni, na njiani alipokewa kwa nyimbo za aina iliyoimbwa kwa askari waliorudi vitani. Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Uingereza mjini Moshi, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake kilichotolewa mwaka 1924.

Mahali pa kumwonyesha mama palikuwa na maana. Soko katika Uchagga lilikuwa eneo la wanawake: wao ndio waliouza ndizi, ulezi, magadi na maziwa, nao ndio waliopashana habari. Mama aliyevikwa taji alitazamwa hasa na wenzake, ambao walijua kwamba kujifungua kulikuwa hatari kama vita na kwamba si kila aliyeingia ndani kwa uzazi alitoka. Fimbo ya wazee nayo haikuwa kitu ambacho mwanamke kijana angeishika siku nyingine yoyote.

Vazi hili lisichanganywe na lile la mwali. Bibi arusi naye alikaa ndani, akalishwa na kupambwa kabla ya kuonekana hadharani, lakini yeye alipambwa kwa matumaini. Mzazi alipambwa kwa jambo lililokwisha kutendeka.

Mgeni aliyejipamba

Mwaka 1891 Mmarekani May French Sheldon alisafiri kutoka Mombasa hadi Kilimanjaro akiongoza msafara wake mwenyewe, jambo lililowashangaza wengi kwa kuwa viongozi wa misafara ya Ulaya na Marekani walikuwa wanaume. Alipokutana na watawala alivaa gauni la sherehe lenye vito vya kung'aa na nywele bandia za rangi ya dhahabu, akiamini kwamba mavazi yangemfanya atambuliwe kama mtu wa cheo. Marangu alipokewa na Mangi Marealle.

Sheldon alikusanya mapambo na vifaa vya wenyeji, na mwaka 1892 alitoa kitabu kiitwacho *Sultan to Sultan*. Kitabu hicho kina maelezo mengi ya mapambo, lakini kinapaswa kusomwa kwa tahadhari: mwandishi anajiweka mbele katika kila tukio, na wanawake waliovaa vitu alivyovinunua ni wachache wanaotajwa majina.

Kanisa, kahawa na sonara

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza Mamba mwaka 1894. Shule na ubatizo vilikuja pamoja na nguo za kitambaa. Vazi la ngozi liliachwa, na pamoja nalo shanga zilizoshonewa humo. Pete ya ndoa ikachukua nafasi iliyokuwa haipo awali, na masikio yaliyotanuliwa yakawa alama ya kizazi cha bibi.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa, iliyouzwa tangu mwaka 1933 kupitia chama cha ushirika cha KNCU, iliingiza fedha katika kaya nyingi za Marangu. Mji wa Moshi ulikuwa na masonara, wengi wao wenye asili ya India, na dhahabu ikawa pambo la kununuliwa kwa fedha za msimu. Hata hivyo mibuni ilihesabiwa kuwa mali ya mwanamume, pamoja na kihamba kilichorithiwa na wana wa kiume, ilhali ndizi na mapato yake ya sokoni vilikuwa mikononi mwa mke. Hereni za dhahabu za mama wa Kichagga mara nyingi zilitokana na mikungu ya ndizi kuliko magunia ya kahawa.

Petro Itosi Marealle, aliyekuwa Mangi wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili kitabu *Maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera* (1947), kinachoeleza mila za Wachagga wakati mengi ya mambo hayo yalikuwa yanaelekea kusahaulika.

Tanzanaiti

Kito kinachotajwa zaidi na wageni wanaofika Marangu kupanda mlima ni tanzanaiti, aina ya buluu ya madini ya zoisaiti. Hupatikana kibiashara Mererani pekee, katika Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Iligunduliwa mwaka 1967, na jina lake lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Rangi yake hutokana na vanadi. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia na hupata buluu yanapopashwa moto wa nyuzi 500 hivi.

Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambapo almasi ina 10. Vumbi la kawaida huwa na chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kito hiki huchubuka kikivaliwa kidoleni kila siku, hasa kwa mtu anayefua na kupika. Hufaa zaidi kwa hereni na kidani.

Wauzaji wamekitangaza kito hiki kuwa zawadi ya kumpa mama aliyejifungua. Tangazo hilo halina uhusiano na taji la shanga la Wachagga, ingawa linafanana nalo kwa wazo. Mawe mengi hukatwa Jaipur, India, na kuuzwa nje, na wanawake wa mteremkoni wanaoyavaa ni wachache.

Machimboni kwenyewe wanawake walizuiwa kwa muda mrefu kuingia shimoni. Pili Hussein alichimba Mererani kwa takriban miaka kumi akiwa amevaa kama mwanamume na kujulikana kama Mjomba Hussein, mpaka jinsia yake ilipofahamika.

Hali ya sasa

Katika arusi na sherehe za kumuaga binti, maarufu kama sendofu, wanawake wa Marangu huvaa vitenge vya sare, hereni na mikufu ya dhahabu au ya kuigiza, na wakati mwingine shanga za Kimasai zinazonunuliwa Moshi au Arusha. Wahunzi wa Mamba wangali wanafua mbele ya wageni, wakiuza mikuki midogo, kengele na bangili. Taji la mzazi halivaliwi tena katika maisha ya kawaida, lakini mama akitoka ndani na mtoto kwa mara ya kwanza, ndugu bado hufika na khanga na kitenge kipya.