Babu Alizikwa Bila Kengele

Babu mzaa baba alizikwa Rungwe, mkoani Mbeya, bila kengele na bila mchungaji. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wazee walisoma Zaburi, udongo ukarudishwa, tukala, tukatawanyika. Kosa lake kijiji kizima kilikuwa kinalijua: alikuwa na wake wawili, na kanisa lake lilikuwa limemtenga na meza ya Bwana kwa miaka mingi.

Kwa kina mama, Iringa, ni Wakatoliki. Wanasali Tosamaganga, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini enzi za Mjerumani, kisha Wakonsolata wakaipokea mwaka 1919. Likizo nilikuwa nakwenda misa, nikirudi Mbeya naimba kwaya. Pande zote mbili niliuliza swali lilelile: babu yuko wapi? Upande mmoja waliniambia nisali, upande mwingine waliniambia ninyamaze.

Nilipoingia kwenye uandishi wa habari nikaanza kulitafuta jibu kwenye historia. Wamoraviani na misheni ya Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Theodor Meyer na wenzake wakajenga Rungwe, na Waberlin, chini ya Alexander Merensky, wakaanzisha vituo vyao, baadaye wakasonga hadi Ubena na Uhehe. Kwa misheni hizi, mwanaume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Wengine waliachwa wakienda wapi? Swali hilo lilibaki mlangoni mwa familia.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nyanda hii, wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, walisaidia, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa wainjilisti wenyeji. Watu wakaona kumbe ibada inakwenda hata mzungu asipokuwepo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, ng'ambo ya mto Songwe, wasomi waliolelewa na hiyohiyo Livingstonia wakaanzisha African National Church. Likavuka hadi Rungwe. Lilimpokea mwanaume pamoja na wake zake wote. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliliandika katika kitabu chake Communal Rituals of the Nyakyusa cha mwaka 1959.

Niliposoma habari hiyo nilifurahi kweli, msomaji. Nikajiambia, ukweli ndio huu. Abrahamu alikuwa na Sara na Hajiri, Yakobo alioa ndugu wawili, sasa babu yangu kosa lake nini? Nikafunga safari kwenda kumwambia bibi mdogo, ambaye bado yupo.

Nilimkuta anamenya ndizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, wewe unamtetea babu yako. Mimi nani aliniuliza? Baba yangu alipokea ng'ombe. Babu yako alinichukua. Mchungaji akasema niondoke. Niondoke niende wapi, na watoto wanne?"

Nikakosa la kusema. Miaka yote hiyo nilikuwa napima makanisa mawili, moja linamkataa babu, jingine lingempokea, na sikuona kwamba yote mawili yalikuwa yanabishana kuhusu mwanaume. Hajiri nilimtaja kama ushahidi wangu, nikasahau kwamba alifukuzwa jangwani na mtoto wake, na kwamba kwenye Mwanzo sura ya 21 Mungu anamfuata hukohuko.

Nikamsomea bibi sura hiyo. Aliniomba nirudie pale pa kisima, kisha akaendelea na ndizi zake.

Bado nasali, Mbeya nikiwa Mbeya, Iringa nikiwa Iringa. Ila siku hizi nikisikia mtu anasema ameupata ukweli, huwa naangalia kwanza nani hakuulizwa. Bibi mkubwa alifariki kabla sijajua kwamba na yeye nilipaswa kumuuliza.