Mwamba

Katika mazungumzo ya kawaida mwamba ni jiwe kubwa linaloonekana; baharini ni ule unaopasua vyombo. Kwenye ramani ya jiolojia neno linakwenda mbali zaidi, hadi jiwe lililofukiwa na udongo. Kwa mfano, Milima ya Uluguru ni ya miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, hasa naisi na granulaiti, na marumaru upande wa Matombo. Mpangaji wa matumizi ya ardhi huanza na skeli ya ramani: kwa 1:125,000, milimita moja ni mita 125, hivyo unene wa mstari tu unaweza kumeza shamba zima. Mstari wa vipande maana yake mpaka kati ya miamba umekisiwa. Hata mwamba uliochorwa kwa usahihi hautoshi kumwongoza. Mvua ya Februari 1970 huko Mgeta, katika milima hiyo hiyo, ilileta mamia ya maporomoko ya ardhi, mengi mashambani na malishoni, machache mno msituni. Kilichoteleza kilikuwa udongo na mwamba uliokwisha kulainika. Rangi ya ramani ya jiolojia inaeleza kilichobaki chini. Kwa hiyo ramani hiyo husomwa pamoja na ramani za udongo, mteremko na uoto.