Shemasi Kwanza: Kuwekewa Mikono kutoka Pwani hadi Bonde la Semliki

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Goma. Alfajiri mitumbwi hurudi na tilapia, wachuuzi wakiingoja mchangani, na viboko wakiwa si mbali na nyumba za watu. Maji ya ziwa hilo yana njia moja tu ya kutokea. Huko kaskazini, penye Ishango, yanaingia katika Mto Semliki, yanapita chini ya milima ya Ruwenzori na kuelekea Ziwa Albert. Kabla hayajafika, yanakatiza bonde linalotazamwa kutoka juu na Boga, mji mdogo wa Ituri. Anayetaka kujua Waanglikana wa Kongo ya mashariki walimpata wapi shemasi wao wa kwanza na aufuate mto huo.

Neno lenyewe limesafiri sana. "Shemasi" lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, kama "kasisi" na "askofu", na chimbuko lake ni Kisiria, lugha ya Wakristo wa kale wa Mashariki, ambako maana yake ni mhudumu. Wagiriki walisema diakonos, mtumishi. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinasimulia manung'uniko kuhusu wajane walioachwa bila posho ya kila siku. Mitume wakataka watu saba wachaguliwe wasimamie kazi hiyo, kisha wakawaombea na kuwawekea mikono. Kanisa limewahesabu hao kuwa chanzo cha ushemasi, na mmoja wao, Stefano, ndiye aliyekuwa Mkristo wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani.

Afrika Mashariki daraja hili lilitolewa kwanza kwa watu walioonja utumwa. John Swedi alikuwa mmoja wa watoto watano ambao Sultani wa Zanzibar alimpa Askofu Tozer wa Kianglikana mwaka 1864, baada ya wao kuokolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Mwaka 1879 Askofu Edward Steere, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kiunguja, alimwekea mikono kuwa shemasi. Cecil Majaliwa, naye aliyekombolewa utumwani, aliupitia ushemasi na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa dayosisi ya Zanzibar kufika hapo.

Upande wa Mombasa, Jumapili ya Utatu, tarehe 31 Mei 1885, Askofu James Hannington aliwawekea mikono mashemasi wawili: William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa "Waafrika wa Bombay", yaani watumwa waliokombolewa baharini, wakapelekwa kusomeshwa India, kisha wakarudi. Miezi michache baadaye Hannington alishika njia ya Buganda, na Jones akafuatana naye. Mwishoni mwa Oktoba askofu aliuawa Busoga pamoja na wapagazi wake wengi. Shemasi aliyekuwa hajatimiza hata nusu mwaka katika daraja lake ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani, na mapema 1886 wakaingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi": utukufu umeondoka.

Jones alitumwa na kanisa lililokuwa limemwekea mikono juzi tu, na huo ukawa mwendo wa ushemasi katika nchi hizi. Shemasi hakupewa cheo cha kupumzikia. Alipelekwa mahali ambapo kasisi hajafika, au ambapo kasisi hayupo tena.

Buganda ilipata mashemasi wake wa kwanza Jumapili ya Utatu ya mwaka 1893, walipowekewa mikono na Askofu Alfred Tucker. Katika kanisa hilo changa alikuwemo kijana aliyebatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Watu walimwita Kivebulaya, kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kuvaa. Mwaka 1896, akiwa mwinjilisti wa kawaida, alivuka Semliki kutoka ufalme wa Toro na kupanda hadi Boga. Mtawala wa huko, Tabaro, hakumtaka. Apolo alipigwa na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha dada yake Tabaro akaangukia mkuki uliokuwa umefichika nyasini, akafa, na lawama ikamwangukia mhubiri. Alifungwa na kupelekwa Toro gerezani. Alipoachiwa alirudi palepale Boga, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Ndipo, mwaka 1900, mikono ya askofu ilipomfikia Apolo. Tucker alimfanya shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Mfuatano huo una uzito wake: kipigo na gereza vilitangulia, daraja likafuata. Kanisa lilikuwa limekwisha kuuona utumishi wake kabla ya kuupa jina.

Ibada aliyoipitia, ile ya Kitabu cha Sala cha 1662, ni fupi na ina mpango ulio wazi. Shemasi mkuu humletea askofu wanaoombewa daraja. Askofu huwageukia waumini na kuwauliza kama kuna anayejua kizuizi; akiwepo, ajitokeze aseme. Litania huimbwa au husomwa. Hufuata maswali: je, wanaamini kwamba Roho Mtakatifu amewasukuma kuingia katika kazi hii? Je, watawatafuta wagonjwa na maskini katika parokia? Kisha mmoja mmoja hupiga magoti, na askofu peke yake humwekea mikono. Anapowekwa kasisi, makasisi wengine huongeza mikono yao. Mwishoni kila shemasi hukabidhiwa Agano Jipya, na mmoja wao husoma Injili siku hiyohiyo. Panapovaliwa stola, ya shemasi hupita begani kushoto na kufungwa ubavuni kulia, hivyo mkono wa kazi hubaki huru. Shemasi anaweza kubatiza kasisi asipokuwepo na kusaidia kugawa Chakula cha Bwana, lakini hawezi kukiweka wakfu. Wengi hudumu hivyo kwa mwaka mmoja hivi kabla ya kuwa makasisi.

Mpaka wa Waingereza na Wabelgiji ulipokatwa, Boga ikaangukia upande wa Kongo. Apolo alikufa huko tarehe 30 Mei 1933. Kwa miongo mingi Waanglikana walibaki jirani na Boga, wakisali kwa Lunyoro. Baada ya uhuru wa 1960 waumini walihama kutafuta kazi, shule na usalama, na kanisa likahama nao, Kiswahili kikichukua nafasi kubwa zaidi katika ibada. Dayosisi ya Boga iliundwa mwaka 1972 chini ya Askofu Philip Ridsdale, ya Bukavu mwaka 1976, na ya Kivu ya Kaskazini mwaka 1992. Tarehe 30 Mei ya mwaka huohuo, siku ya kumkumbuka Apolo, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikawa jimbo kamili la Kianglikana chini ya Askofu Mkuu Byankya Njojo.

Ng'ambo ya mpaka, huko Kigezi nchini Uganda, Askofu Festo Kivengere alikuwa amewawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi mwaka 1983. Kwa utaratibu uleule, nao walianzia kwenye ushemasi.

Bonde la Semliki halijapata utulivu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya Apolo ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, washambuliaji waliingia Boga na Tchabi na kuua zaidi ya watu 50. Mahali kama hapo, swali la askofu kuhusu wagonjwa na maskini lina watu wenye majina na makaburi mapya. Kaburi la Apolo nalo lipo hapo Boga. Aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi yake ilikuwa haijakwisha.